Diski ya Pili na Sauti ya Mzee Kasiani

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na doti ya kitenge, kisha mmoja wenu akasimama akasema Mama Skola atuachie maneno ya kazi kabla hajaenda kulima. Nikajibu nitaandika, maana mimi nikisimama mbele ya watu huwa nasema yale wanayotaka kusikia. Basi haya hapa. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitayagusa. Hayo nyie mnayajua kuliko mimi, na mnayajadili kwenye grupu la ofisi mpaka simu yangu inapata joto. Nitasema habari za mashine, na zaidi habari za kuongeza diski ya pili kwenye kompyuta kuukuu, kwa sababu ni kazi mnayoiona ya kitoto. Kazi hiyohiyo ya kitoto iliwahi kunikalisha Majimoto nikiwa na hofu ya kweli moyoni, na bado naikumbuka kuliko kazi zote nilizofanya.

Siku ya kwanza nilikuja karakana yetu ya Mpanda kutoka Kakese kwa baiskeli, nimevaa viatu vya kwendea kanisani, vumbi limenifika kwenye nyusi. Mzee Gervas, fundi mkuu, Mfipa mwenye sauti ya chini na ubishi usioisha, aliviangalia vile viatu, akanipa brashi ya kupakia rangi. Nikajua nimeajiriwa kupaka kuta. Kumbe brashi ilikuwa ya kufagilia ndani ya kompyuta. Ya kwanza niliyofungua ilitoka shule moja ya Misunkumilo, ilikuwa imegoma kuwaka, na ndani yake nyigu wamejenga nyumba ya udongo pembeni mwa feni. Nikataka kuibomoa niendelee na kazi. Mzee Gervas akanishika mkono, akaniuliza kwa nini nyigu wamechagua pale na si kwenye nafasi kubwa ya chini. Sikujua. Akasema basi tusubiri mpaka nijue, akaenda kunywa chai.

Nilikaa na kompyuta ile asubuhi nzima nimenuna. Baadaye nikaona kuwa nyuma ya kava kulikosekana kibati kimoja, tundu likawa limeelekea moja kwa moja kwenye ile feni; nyigu aliingia akakuta mahali pa kushikia udongo, tena pa joto. Mzee aliporudi nikamweleza. Hakunisifu. Alikwenda kukata bati la kuziba tundu. Hivyo ndivyo alivyofundisha, kwa kukuacha na swali mpaka mchoshane.

Kuhusu diski alikuwa na sheria moja, kwamba sikiliza kabla hujaangalia. Nyie mnakimbilia kioo cha kompyuta. Yeye aliinamisha sikio kwenye kava wakati mashine inawashwa, akasikia diski inavyoanza kuzunguka, halafu kile kimkono cha ndani kinavyotafuta, tik, tik, halafu mvumo wa chini wa kufanya kazi. Wakati ule diski zilikuwa na vibanio vidogo nyuma, na ukiweka mbili kwenye waya mmoja lazima moja uifanye bwana na nyingine mtumwa. Nikamuuliza nani aliyatunga majina hayo, akasema si yeye. Siku moja nikaziacha zote mbili bwana, mashine ikawa haioni hata moja. Mzee Gervas akasema nyumba nyingi ziko hivyo, akaendelea na chai yake.

Vibanio vimekwisha siku hizi, lakini kazi imebaki ileile. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa bati la kava ndipo uguse vya ndani. Diski ikae kwenye nafasi yake na ikazwe skrubu pande zote mbili, isining'inie kwa waya kama nilivyowahi kuikuta kwenye kazi ya mmoja wenu, simtaji, anajijua. Kisha waya wa data, waya wa umeme, washa, sikiliza. Ukisikia diski mbili, sasa nenda kwenye kioo ukaiandae ile mpya, na hapo angalia tena na tena unaandaa ipi, kwa sababu ukifuta ile ya zamani mashine itakutii bila kukuuliza kama una akili timamu.

Miaka yangu ya mwisho kazini ndipo nilipotumwa Majimoto. Ofisi ya parokia moja kule ilikuwa na kompyuta ya mezani ambayo ilishastaafu mahali pengine kabla ya kufika kwao, na diski yake ilikuwa imejaa pomoni. Vyeti vya ubatizo, matangazo ya misa, na zaidi nyimbo, kwa sababu kwaya yao ilijirekodi humo kwa maiki na mashine ndogo ya kuchanganyia sauti. Bosi wetu aliombwa msaada, akanituma na diski tuliyoitoa kwenye kompyuta iliyopigwa na radi. Diski ilikuwa nzima, ila kompyuta ndiyo ilikufa.

Niliifunga asubuhi, ofisi ikiwa kimya. Diski ya zamani ilibaki herufi C, D ilikuwa ya kuchezea CD, na mpya ikapata E. Nikaielekeza programu ya kurekodia kwamba kila kinachorekodiwa kiende E. Editha, karani wa parokia, mama mcheshi asiyejua kumnyima mtu kitu, akaimba kidogo kwenye maiki, tukafungua E, tukamkuta. Nikala wali wa Majimoto, ambao mtu akiwaambia unafanana na wa kwingine mkataeni, nikapanda basi nikarudi Mpanda nikiwa nimeridhika kabisa.

Wiki zikapita, Editha akapiga simu. Hakuwa anacheka. Alinieleza habari za Mzee Kasiani, mkulima wa mpunga aliyeongoza kwaya yao tangu Editha hajazaliwa. Mzee huyo alizijua nyimbo za mavuno za Kipimbwe, zile zinazoimbwa kanisani mpunga mpya ukiletwa altareni, na alizijua peke yake mpaka mwisho. Hakuwa na subira ya kufundisha. Ukikosea mara mbili aliuchukua wimbo akaumaliza mwenyewe. Kisha koo likaanza kumsumbua. Madaktari wakamwambia wazi kwamba lazima apasuliwe, na akishapasuliwa sauti haitarudi. Siku moja kabla ya safari ya hospitali alikuja ofisini na mkewe, Mama Vero, akakaa mbele ya maiki akaimba wimbo mmoja baada ya mwingine, akipumzika akinywa maji ya uvuguvugu. Editha aliona kwenye kioo kwamba imehifadhiwa, E. Mzee akasafiri. Kwaya walipotaka kuisikiliza, haikuwepo. Na mzee alikuwa ameshapasuliwa.

Mama Vero aliiomba simu. Alizungumza taratibu, bila ugomvi, na ndiyo maana ilinichoma.

"Mdogo wangu," akasema, "hiyo diski yako imeila sauti ya mume wangu?"

Kesho yake nilikuwa kwenye basi la asubuhi.

Nilianza na programu yenyewe. Inakumbuka kila ilichofanya, na ilisema faili imehifadhiwa salama kwenye E, tarehe ambayo ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Nikaifungua E. Nyimbo nyingine zipo, hiyo haipo. Nikatafuta vilivyofutwa, kwa sababu diski haifuti kweli mara moja, huwa inajisahaulisha tu. Sikupata hata alama. Maana yake faili haikufutwa. Haikuwahi kuandikwa pale. Hapo, Mungu anisamehe, Mama Vero amekaa nyuma yangu na rozari mkononi, mimi nikaanza kuona raha. Faili imehifadhiwa E, E ninayo mbele yangu, na faili haijawahi kuwa humo. Niliona kabisa Mzee Gervas angekwenda kunywa chai.

Nikamwomba Editha awashe mashine na kurekodi kama alivyofanya siku ile, bila kuruka kitu. Akafanya, ikarekodi vizuri, ikakaa E. Akarudia, vilevile. Nikamuuliza siku ya mnada ina tofauti gani na siku nyingine. Akafikiri, akasema hakuna tofauti yoyote, ila watu.

"Watu gani?"

"Si wa simu."

Nyie ambao hamjakaa Mpimbwe, huko Majimoto, mnapaswa kuelezwa. Watu wa kule wengi wanaamini kwamba umeme wa ukutani ni mkali, unaua betri, lakini umeme wa kompyuta ni mlaini, umeshachujwa, na simu iliyochajiwa kwa kompyuta inakaa na chaji siku nyingi. Siku ya mnada watu wanapotoka mashambani hupita kwa Editha kwanza, wanamwachia vitochi vyao, zile simu ndogo za tochi, wanavichukua wakirudi. Editha alikuwa amenunua kifaa chenye matundu mengi ya USB ili asimkatalie mtu. Akifika anachomeka simu zote, ndipo anawasha kompyuta.

Tukaazima simu za majirani na za walimu, tukazichomeka kama siku ya mnada. Nikainamisha sikio kwenye kava, Editha akawasha. Nilisikia diski moja tu. Ya pili ilijaribu kuamka, ikashikwa na kigugumizi, ikalala. Umeme unaolisha diski ndani ndio uleule unaolisha matundu ya USB, na pawa saplai, kile kisanduku kinachougawa, ilikuwa kongwe. Simu zilikuwa zimeunywa wote. Nikafungua kioo nikitegemea nisiikute E. E ipo! Nikaingia ndani yake, nikakuta picha za mbuzi na za harusi.

"Hii ni harusi ya shemeji yangu," Editha akasema. "Hiyo si ni simu ya jirani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kitochi chenye memori kadi, kompyuta ikiwaka kinauliza kama unataka kufungua kadi au kuchaji tu, na Editha kwa haraka zake alibonyeza jibu lililo juu, yaani kufungua kadi. Kompyuta nayo ikaiona kadi kama diski. Na herufi ni kiti tu. Mwenyewe asipofika, anakikalia aliyetangulia. Diski yangu ilipolala, simu ya kwanza ikaitwa E, na programu, iliyoambiwa peleka E, ikapeleka E. Jioni mwenye simu akaja akachukua simu yake. Sauti ya Mzee Kasiani iliondoka ofisini mfukoni mwa mtu.

Jumapili padri akatangaza baada ya komunyo kwamba yeyote aliyechaji simu ofisini aje nayo. Walikuja wengi. Kwa mama mmoja muuza dagaa tulikuta mazoezi ya kwaya; alidhani masista wamemzawadia na alikuwa ameyafanya mlio wa simu. Kwa dereva mmoja wa bodaboda tulikuta kikao kizima cha halmashauri ya parokia, amekisikiliza chote na ana maoni. Tulicheka mpaka Mama Vero naye akacheka. Ila Mzee Kasiani hatukumkuta kwenye simu yoyote.

Wiki hiyohiyo mzee akarudishwa kutoka hospitali. Nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amekaa barazani, bandeji shingoni, akaninyooshea mkono. Mama Vero alimweleza kwamba huyu ndiye fundi, na kwamba tunaitafuta. Mzee akanitazama kwa muda, akapunga mkono kidogo hivi, kwamba tuache, basi, imeshakwenda. Niliumia sana. Afadhali angenifokea.

Kulikuwa na simu moja ambayo haikuja kanisani, na Editha aliikumbuka akiwa anachambua mchele. Siku ile ya mnada, kabla hajafungua ofisi, alimkuta mwanamume mmoja Msukuma amekaa mlangoni, anaitwa Masanja, ameleta ng'ombe mnadani kutoka upande wa ziwa Rukwa. Simu yake ndiyo iliyochomekwa ya kwanza. Namba yake Editha hana. Anakaa na ng'ombe porini, simu anaizima kutunza chaji, huonekana siku za mnada tu. Nilijua kadi za vitochi zilivyo ndogo. Vijana wanajaza nyimbo za Dar, zikijaa wanafuta chochote wasichokijua, na huyu alikuwa na kitu asichokijua kwenye kadi yake. Nikampigia bosi kuomba nibaki mpaka mnada ujao. Akauliza diski moja inachukua muda wote huo? Nikasema hii inachukua.

Sikukaa bure. Niliagiza pawa saplai nyingine kutoka Mpanda, nikaifunga, na diski nikaipa herufi S, mbali kabisa, ambako hakuna simu inayoweza kufika. Editha nikamwekea mahali pa kuchajia ukutani. Watu walilalamika kwamba umeme wenyewe ni mkali, na nadhani mpaka leo wanalalamika.

Siku ya mnada Mama Vero hakusubiri tumpitie. Tulimkuta ameshatangulia, anapita katikati ya ng'ombe akimuuliza kila Msukuma jina lake. Masanja alikuwa mtu wa makamo, mrefu, redio begani. Tulipomwambia tunatafuta kitu kwenye simu yake alirudi nyuma.

"Mama, mimi sikuiba," akasema. "Nilikuta tu mzee anaimba humo ndani."

Nikamuuliza kama bado anaimba. Masanja akasema kadi ilijaa, amefuta nyimbo zake zote, picha pia amefuta. Huyo mzee hakumfuta. Kipimbwe hakijui hata neno, lakini kila alipotaka kufuta, alifungua kwanza asikilize ni nini, akamkuta katikati ya wimbo, akaona aibu kumkatiza mtu mzima. Akaahirisha, akaahirisha. Halafu ng'ombe wakaizoea sauti yake. Alibonyeza kitufe palepale, na sauti ikatoka, nyembamba, imechanganyika na milio ya mnada. Mama Vero alikaa chini kwenye vumbi. Masanja akamshika bega, akaniuliza mimi kama amefanya kosa.

Tulikwenda wote nyumbani kwa mzee. Mama Vero alitaka ichezwe papo hapo, na mimi nikakataa, akanikasirikia waziwazi. Nyie nisikilizeni, hii ndiyo sehemu ya kazi: nakili kwanza, lia baadaye. Kitochi kinaanguka, kadi inakufa, mtu anabonyeza kitufe kisicho chake. Niliinakili kwenye kompyuta yangu ndogo, nikainakili tena kwenye flashi, nikahakikisha zote zinafunguka, na mzee amekaa mbele yangu ananitazama vidole. Mama Vero akasema mgeni hawezi kuacha ng'ombe wake mnadani halafu aondoke bila kula, akaenda jikoni, nyuma ya nyumba. Nadhani hakutaka tumwone.

Nikabonyeza. Mzee Kasiani alisikiliza bila kusogea. Wimbo wa pili mkono wake ukaanza kupiga goti taratibu, midomo ikafuata, na mahali fulani alipokosea akakunja uso akanitazama mimi, utadhani ndiye niliyekosea. Harufu ya wali ikaja. Nyimbo zikaisha, nikanyoosha mkono kuzima.

"Bado kidogo," Masanja akasema.

Kulikuwa na kimya, kiti kikalia, maiki ikagongwa. Bila shaka Editha alikuwa hajabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha ikaja sauti ya mzee, si ya kuimba tena, ile ya kila siku, ya mtu aliyechoka anayetaka kwenda kwake.

"Mama Vero. Mama Vero, uko wapi?"

"Abee," Mama Vero akaitika kutoka jikoni. "Nakuja."

Tulisikia sufuria ikiwekwa chini, kandambili zikija. Alifika mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama mumewe, akaitazama ile kompyuta mezani, akasimama hapo hapo. Mzee Kasiani alikuwa analia, machozi tu, bila sauti yoyote. Akanyoosha kidole kwenye mashine, akakizungusha, kwamba nirudie.

Nikairudisha nyuma kidogo. Nilipoinua macho, Mama Vero hayupo mlangoni. Alikuwa anarudi jikoni. Nikangoja mpaka kandambili ziliponyamaza, ndipo nikabonyeza. Akaitwa, akaitika.